Seva ya mtumba, watumiaji wengi: shajara ya kuimarisha ulinzi wa kumbukumbu

Shajara hii inahusu seva moja iliyopo kwenye kituo chetu cha mafunzo ya kompyuta, Morogoro. Inaongezewa kila hatua inapokamilika, ili mwenye seva kama yetu aifuate, au aruke pale ambapo sisi tulipoteza hela na muda.

Seva ina prosesa ya Xeon E3-1230 v3, kizazi cha Haswell cha mwaka 2013, RAM GB 32 za DDR3, na Debian 12. Wanafunzi wanakaa mbele ya mashine kuukuu za Core 2 Duo zinazotumika kama skrini na kibodi tu. Wanaingia kwenye seva kwa mtandao wa ndani, na kila wanachofanya kinaendeshwa na prosesa moja na RAM moja. Kwenye seva hiyohiyo, mhazini wa chama cha kuweka na kukopa kilichopanga chumba kwetu alikuwa anatunza hesabu za wanachama.

Hapo ndipo penye jambo. Wanafunzi wa darasa la C wanaandika programu na kuziendesha. Programu zao na hesabu za akiba za wanachama zinakaa kwenye kumbukumbu (RAM) moja, na kinachozitenganisha ni biti chache ndani ya jedwali la kurasa, yaani orodha inayoonyesha kila programu inaruhusiwa kugusa sehemu gani ya kumbukumbu, pamoja na prosesa inayozisoma biti hizo na kusema hapana. Tunataka kujua kama prosesa yetu inasema hapana kweli.

3 Februari 2025: Kuiuliza seva yenyewe

Tangu toleo la 4.15, kerneli ya Linux, yaani programu ya msingi inayosimamia mashine nzima, ina folda inayoeleza udhaifu wa prosesa unaojulikana na hatua zilizochukuliwa. Amri ni moja:

grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*

Tulitegemea majibu ya kawaida ya Haswell. Badala yake mstari wa meltdown ulisema hivi:

meltdown: Vulnerable

Kwenye kerneli 6.1 hilo halitakiwi kutokea. Meltdown, udhaifu unaoiwezesha programu ya kawaida kusoma kumbukumbu ya kerneli, ilitangazwa tarehe 3 Januari 2018 na kinga yake imo ndani ya kerneli tangu wakati huo, tena inawashwa yenyewe kwa prosesa zenye udhaifu. Mstari wa mds nao ulisema Vulnerable. Tukadhani Debian imeharibika, tukaweka kerneli upya, jibu likabaki lilelile. Asubuhi nzima ikaishia hapo.

Jibu lilikuwa kwenye faili la /proc/cmdline, linaloonyesha maneno ambayo kerneli ilipewa wakati wa kuwaka. Miongoni mwake kulikuwa na mawili: mitigations=off na dis_ucode_ldr. La kwanza linazima kinga zote kwa mkupuo. La pili linaizuia kerneli isipakie maikrokodi mpya, yaani marekebisho ya maagizo ya ndani ya prosesa. Seva ilinunuliwa pamoja na diski yake, mfumo ukiwa tayari ndani, na aliyekuwa nayo kabla yetu aliyaweka kwenye /etc/default/grub, bila shaka kutafuta kasi. Ushauri huo umejaa mitandaoni: zima kinga, mashine ipae. Kwa kompyuta ya mtu mmoja inayocheza gemu bila intaneti, labda. Kwa seva yenye hesabu za watu, ni hatari ambayo mwenye akiba hakuulizwa.

Tumeyafuta yote mawili, tukaendesha update-grub na kuwasha upya. Meltdown sasa inasema Mitigation: PTI. Kama umenunua mashine ya mtumba yenye Linux ndani, anza na cat /proc/cmdline kabla ya jambo lingine lolote. Kufuta diski na kuanza upya ni bora zaidi.

11 Februari 2025: Maikrokodi

Baada ya kuwasha upya, mstari wa mds ulibadilika lakini haukutosheleza:

mds: Vulnerable: Clear CPU buffers attempted, no microcode; SMT vulnerable

Maana yake kerneli inajaribu kufuta mabaki ya data ndani ya prosesa kila inapobadilisha kazi, ila agizo linalotumika halifanyi usafi huo mpaka prosesa ipate maikrokodi mpya. MDS ni kundi la udhaifu lililotangazwa Mei 2019, likiwamo lile linaloitwa ZombieLoad. Data inayopita kwenye mabafa madogo ya ndani ya prosesa inaweza kudokolewa na programu nyingine inayotumia kiini hichohicho cha prosesa.

Kwenye Debian 12 kifurushi cha intel-microcode kimehamishiwa sehemu inayoitwa non-free-firmware, na faili letu la sources.list lilikuwa na main peke yake. Apt ikasema haikijui. Tuliongeza neno hilo, apt update, apt install, kuwasha upya. Kwenye /proc/cpuinfo namba ya maikrokodi ikatoka 0x22 na kuwa 0x28, ya mwisho kwa prosesa hii. Sasa mds inasema Mitigation: Clear CPU buffers; SMT vulnerable.

Gharama: bando la intaneti, Sh 10,000.

20 Februari 2025: Kuiona Meltdown kwa macho

Kamati ya kituo iliuliza swali la haki: mbona mnatumia muda wote huu kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona likitokea? Tukaamua kuwaonyesha. Tulichukua kompyuta ya i5-4570, ya kizazi kilekile cha Haswell, tukaiwekea SSD tupu ya GB 120, tukaichomoa kwenye mtandao, na tukaiwasha kwa nopti ili kinga ya Meltdown ilale. Programu tuliyotumia ni ile ya majaribio iliyotolewa hadharani na watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria. Daniel Gruss, Moritz Lipp, Stefan Mangard na Michael Schwarz wa chuo hicho ni miongoni mwa waliougundua udhaifu huu, sambamba na Jann Horn wa Google na watafiti wa Cyberus Technology, kila upande kwa njia yake.

Nieleze kinachotokea, maana bila hicho hatua zinazofuata hazieleweki. Kabla ya 2018, kumbukumbu ya kerneli ilikuwa imechorwa ndani ya jedwali la kurasa la kila programu, ikiwa na biti moja inayosema: mtumiaji wa kawaida haruhusiwi. Programu ikijaribu kusoma hapo, prosesa inakataa na programu inauawa. Lakini prosesa ya kisasa haisubiri. Inatekeleza maagizo ya mbele kabla ya kumaliza kuyahakiki ya nyuma, na kwenye prosesa hizi ukaguzi wa ruhusa ulikuwa unakamilishwa mwishoni. Katika mwanya huo baiti ya siri imeshasomwa na imeshatumika kwenye agizo linalofuata. Mshambuliaji anaandaa kurasa 256, moja kwa kila thamani ambayo baiti inaweza kuwa nayo. Agizo lake la pili linagusa ukurasa mmoja kulingana na baiti iliyosomwa. Kisha prosesa inagundua kosa na kufuta matokeo yote, isipokuwa kitu kimoja: ukurasa ulioguswa unabaki kwenye kashe, hifadhi ndogo ya haraka ndani ya prosesa. Mshambuliaji anazisoma kurasa zake zote 256 huku akipima muda. Ule unaojibu kwa makumi ya mizunguko ya prosesa, wakati wenzake wanachukua mamia, ndio unaotaja baiti. Biti ya ruhusa haikuguswa, na siri imetoka.

Mara ya kwanza tulipata takataka tupu, herufi zisizo na maana. Vitu viwili vilikuwa vinatuangusha. Prosesa ilikuwa inapandisha na kushusha kasi yake kuokoa umeme, hivyo mpaka kati ya muda mfupi na mrefu ulikuwa unahama kila mara. Tukaiwekea kasi moja kwa amri ya cpupower frequency-set -g performance. La pili ni kwamba siri isipokuwa karibu, kwenye kashe ya daraja la kwanza, shambulio linadhoofika sana. Programu inayoshika siri ilipokuwa inaigusa siri yake kila wakati, na programu ya kusoma imefungwa kwenye kiini kimoja kwa taskset, sentensi ikaanza kutokea kwenye skrini herufi moja baada ya nyingine, kutoka kwa mtumiaji asiye na ruhusa yoyote.

Tukawasha upya bila nopti. Programu ileile, siri ileile, hakikusomeka kitu. Kinga hii, PTI, ilitokana na kazi ya watu haohao wa Graz iliyoitwa KAISER, ya mwaka 2017. Wazo lake ni la moja kwa moja: kama biti ya ruhusa haiaminiki, iondoe kumbukumbu ya kerneli kwenye jedwali la programu kabisa. Kisichochorwa hakisomeki.

Mwenyekiti wa kamati alituambia, "Endeleeni, na mniletee bei."

Gharama: SSD Sh 45,000.

4 Machi 2025: Kinga inakula kasi kiasi gani

Kwa kuwa majedwali ni mawili sasa, moja la programu na jingine la kerneli, kila programu inapoita kerneli prosesa inabadilisha jedwali, na inaporudi inabadilisha tena. Tuliandika programu fupi inayoita getppid, wito mwepesi wa kerneli, bila kupumzika. Kwenye Haswell yetu muda wa wito mmoja ulipanda zaidi ya mara mbili PTI ikiwa imewashwa. Ukiishia kwenye kipimo hicho utaogopa na kuzima kinga, kama alivyofanya mwenzetu wa kabla. Lakini hakuna anayefanya kazi ya kuita getppid siku nzima. Tulipopima kazi halisi za darasa, yaani kukompaili mazoezi, kufungua LibreOffice na kunakili faili, tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kupotea ndani ya kelele za vipimo vyenyewe. Haswell inasaidiwa na PCID, uwezo wa kuziwekea alama anwani zilizotafsiriwa ili zisifutwe kila jedwali linapobadilika. Angalia kama unayo kwa grep pcid /proc/cpuinfo.

Core 2 Duo hazina PCID, kwa hiyo zinaumia zaidi. Tena mwaka 2018 Intel ilitangaza kuwa haitatoa maikrokodi za Spectre, udhaifu ndugu wa Meltdown, kwa prosesa nyingi za ukoo huo. Uamuzi wetu: kinga zinabaki zimewashwa, na mashine hizo zinaendesha programu ya kuunganisha kwenye seva peke yake. Kivinjari kimeondolewa, kwa sababu JavaScript ya tovuti yoyote ni programu ya mtu mwingine inayoendeshwa kwenye prosesa yako. Mashine moja ya i3 kizazi cha pili ilikuwa na Debian ya biti 32, na kerneli yenyewe ilikuwa inatoa onyo kwenye dmesg kwamba prosesa hii ingefanya vizuri zaidi sana kwa kerneli ya biti 64. Tumeiwekea hiyo, imebadilika waziwazi.

Lililotusumbua ni SMT. Xeon yetu ina viini 4 vinavyojionyesha kama 8, kila kimoja kikibeba kazi mbili kwa pamoja. Kazi mbili zinazoshiriki kiini zinashiriki mabafa, na kufuta mabafa wakati wa kubadilisha kazi hakusaidii pale jirani anapochungulia kazi zote mbili zikiwa zinaendelea. Ndiyo maana mstari ulibaki na maneno SMT vulnerable.

Tulitaka kwanza njia ya kati. Tangu Linux 5.14 kuna mpango unaohakikisha kuwa kazi za watu wawili tofauti hazikai kiini kimoja kwa wakati mmoja, ila za mtu mmoja zinaruhusiwa. Ingetufaa sana. Lakini zana ya kuutumia kwa urahisi, coresched, haimo kwenye util-linux 2.38 ya Debian 12. Kuandika yetu wenyewe na kuifunga kwenye hatua ya kila mtumiaji kuingia kulituvunjikia mara kwa mara: mtumiaji akiingia kwa njia moja anapata alama yake, akiingia kwa nyingine anabaki bila. Kinga inayoshika leo na kuachia kesho ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa unalala ukiiamini. Tumezima SMT moja kwa moja kwa kuongeza nosmt kwenye grub. Darasa zima likikompaili kwa pamoja, seva inasikika kuchoka. Tumelipa bei hiyo.

18 Machi 2025: RAM yenyewe

Hadi hapa tulikuwa tunashughulika na prosesa. Lakini jedwali la kurasa, lenye biti zinazosema nani aguse nini, linakaa kwenye RAM. Biti hizo zikigeuka, prosesa itatii ilichokisoma.

Udhaifu huo ni Rowhammer. Seli za RAM ni vichaji vidogo mno vilivyopangwa kwa safu, na vinavuja, ndiyo maana RAM inaburudishwa kila milisekunde 64. Ukifungua safu moja kwa kurudiarudia haraka sana ndani ya muda huo, safu za jirani zinavuja kupita kiasi na biti zake zinageuka. Hukuziandika, na wala huna ruhusa ya kuzigusa. Utafiti wa Yoongu Kim na wenzake wa mwaka 2014 ulijaribu kadi 129 za DDR3 na kukuta 110 zina tatizo, zikiwamo zote za miaka 2012 na 2013. Machi 2015 Mark Seaborn na Thomas Dullien wa Google walionyesha hatua inayofuata: jaza RAM kwa majedwali ya kurasa, geuza biti moja ndani ya jedwali, na programu ya kawaida inapata uwezo wa kuandika kwenye jedwali lake yenyewe. Ukifika hapo, kumbukumbu yote ya mashine ni yako.

Kadi zetu nne zina lebo yenye tarakimu 1327, yaani wiki ya 27 ya mwaka 2013.

Tulitumia MemTest86 kutoka kwenye flashi, jaribio la 13, lililotengenezwa kwa ajili ya Rowhammer. Linachukua muda, kwa hiyo tuliliendesha usiku. Usiku wa kwanza umeme ulikatika na kazi ikapotea. UPS yetu ilitosha kuzima seva salama, haikutosha kungoja umeme urudi. Uliofuata ulipita, na makosa yakatokea. Kadi zote nne zikiwa ndani kwa pamoja, ripoti inatoa anwani, na anwani hazikuambii moja kwa moja ni kadi ipi, kwa sababu bodi inagawa anwani kati ya njia mbili. Ikabidi kupima kadi mojamoja, kila moja kwenye tundu lilelile. Mbili zilitoa makosa, mbili hazikutoa.

Kadi isiyotoa kosa kwenye jaribio hili haijathibitishwa kuwa salama. Hii ina uzito zaidi kwa wenye DDR4. DDR4 ilikuja na kinga ya ndani inayoitwa TRR, na jaribio la kawaida la kupiga safu kutoka pande mbili mara nyingi halipati kitu. Ila mwaka 2020 watafiti walionyesha kwa TRRespass kwamba kupiga safu nyingi kwa mpangilio kunaipita TRR kwenye kadi 13 kati ya 42, na mwaka 2021 Blacksmith ikageuza biti kwenye kadi zote 40 za DDR4 zilizojaribiwa. MemTest86 ikikupa alama ya kijani kwenye DDR4, usiitangazie kamati kuwa jambo limekwisha.

Njia ya bure ingekuwa kuburudisha RAM mara mbili zaidi, kila milisekunde 32. Apple iliongeza kasi ya kuburudisha RAM kwenye kompyuta zake mwaka 2015. BIOS yetu haina mahali pa kubadilisha hilo, hata toleo lake la mwisho. Iliyobaki ni ECC, yaani RAM yenye biti za uhakiki zinazotambua na kurekebisha biti zilizogeuka.

Gharama: flashi Sh 12,000, umeme wa LUKU kwa usiku wa vipimo, tuliuweka kwenye hesabu kama Sh 20,000.

9 Aprili 2025: Kariakoo

Xeon E3 na bodi yake zinakubali ECC. Aliyekuwa nayo kabla alijaza RAM za kompyuta za kawaida.

Tulikwenda Dar kwa SGR, nauli Sh 13,000 kwenda na 13,000 kurudi. RAM za seva za DDR3 zipo nyingi Kariakoo na ni rahisi, GB 8 kwa Sh 45,000. Tulimweleza muuzaji modeli ya seva. Akasema, "Hizi za seva zote ni moja tu, mwalimu, chukua." Tukazileta Morogoro, tukazichomeka, seva ikalia milio mifupi na skrini ikabaki nyeusi.

Soma lebo. Kwenye zile za kwanza palikuwa na maandishi 2Rx4 PC3L-12800R. Herufi ya mwisho, R, ina maana kadi ina chipu ya kati inayopokea maagizo kabla ya kuyafikisha kwenye chipu za kumbukumbu. Hizo ni za Xeon E5 na kuendelea juu. Xeon E3 inataka herufi E: 2Rx8 PC3L-12800E, ECC isiyo na chipu hiyo ya kati. Zinafanana umbo na zinaingia tundu lilelile, kwa hiyo mkono hautakuonya. Ukiihesabu kadi ya E ya 2Rx8 utakuta chipu 9 kila upande, badala ya 8 za kadi ya kawaida. Ya tisa ndiyo inayobeba biti za uhakiki.

Safari ya pili. Zenye E ni adimu, kwa sababu mashine nyingi zinazoletwa ni za E5. Muuzaji alizipokea zile za R bila ubishi, tukaongeza Sh 100,000 kupata nne za E kwa Sh 70,000 kila moja.

Gharama: RAM Sh 280,000, nauli za safari mbili Sh 52,000.

25 Aprili 2025: Je, ECC inafanya kazi?

Kadi ya ECC kuwaka haina maana kuwa ECC imewashwa. Tulithibitisha kwa njia mbili. dmidecode -t memory inaonyesha Total Width: 72 bits na Data Width: 64 bits, zile 8 za ziada ndizo za uhakiki. Kisha moduli ya ie31200_edac ikiwa imepakiwa, rasdaemon inaandika kila kosa lililorekebishwa, na ras-mc-ctl --error-count inayajumlisha kwa kila kadi.

Tukazipiga kadi kwa programu ya majaribio ya Google, kama root, darasa likiwa limefungwa. Ile ya pande mbili haikupata kitu kabisa, hata tulipoirudisha kadi mbovu ya zamani kwenye mashine ya majaribio ili kuipima programu yenyewe. Inakisia jinsi anwani zinavyogawanywa kwenye safu, na kisio hilo halikulingana na bodi zetu. Ile inayochagua anwani kwa bahati nasibu ni ya polepole, ila haihitaji kisio. Tuliiacha usiku kucha. Asubuhi kadi mojawapo mpya ilikuwa na makosa yaliyorekebishwa, safu ya CE (yaliyorekebishwa) ikiwa na idadi na safu ya UE (yasiyorekebishika) ikiwa sifuri. Kadi hiyo tumeibadilisha na muuzaji kwa kumtumia picha ya lebo na ripoti. Aliituma nyingine kwa basi.

ECC ya aina hii inarekebisha biti moja iliyogeuka katika kila biti 64, na inatambua mbili. Tatu zikigeuka mahali pazuri kwa mshambuliaji, zinaweza kupita bila kuonekana. Watafiti wa Vrije Universiteit Amsterdam walionyesha mwaka 2018 kwamba hilo linawezekana, kwa kupima muda mdogo wa ziada ambao kila rekebisho huchukua. Lakini kazi yao ilichukua muda mrefu na iliacha alama nyingi za makosa njiani. Kwa hiyo thamani kubwa ya ECC kwetu ni kwamba shambulio sasa linapiga kelele. Rasdaemon inatuma ujumbe kwa msimamizi CE ikiongezeka hata kwa moja, na tumekubaliana kuwa UE ikitokea seva inazimwa hapohapo.

14 Mei 2025: Kuhamisha hesabu

Baada ya yote hayo, orodha ya udhaifu bado ina mstari huu:

mmio_stale_data: Unknown: No mitigations

Haswell ya aina yetu imeshatoka kwenye muda wa kuhudumiwa, kwa hiyo kerneli haiwezi kusema kama inaathirika au la, na hakuna maikrokodi itakayokuja. Hakuna neno la kuongeza kwenye grub litakalobadilisha hilo.

Tulimweleza mhazini kwa lugha ya kazi yake: daftari lake na madaftari ya wanafunzi yapo juu ya meza moja, tumejenga vizuizi, na kimoja hatuwezi kukikagua. Akasema, "Mwanangu, kama ni hivyo nipeni meza yangu." Kamati ikakubali kununua kompyuta moja ya mtumba kwa ajili ya hesabu tu.

Hapa fanya vipimo kabla ya kulipa. Dukani tuliwasha Debian kutoka kwenye flashi. Kompyuta ya i5-6500, bei nzuri na sura safi, ilisema hivi kwenye mstari wa gather_data_sampling, ule udhaifu uliotangazwa Agosti 2023 kwa jina la Downfall:

Vulnerable: No microcode

Tulihakikisha kuwa maikrokodi za karibuni zimo kwenye flashi, jibu halikubadilika. Tukaiacha. Ya i5-8500 ilisema Mitigation: Microcode, na haina SMT ya kuzima. Hiyo ndiyo tuliyochukua. Inatumiwa na mtu mmoja, diski imesimbwa, na hakuna msimbo wa mwanafunzi unaoendeshwa juu yake. Nakala za akiba zinakwenda kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini.

Gharama: Sh 550,000.

2 Juni 2025: Hali ilivyo

Jumla iliyotumika hadi leo ni Sh 969,000, na zaidi ya nusu ni kompyuta ya mhazini. Kama tungeanza na kuzitenganisha kazi mbili, seva ya darasa ingeweza kungoja RAM za ECC hadi muhula mwingine. Mwenye bajeti ndogo aanzie hapo, kisha cmdline na maikrokodi, ambazo zinagharimu bando tu.

Tumeongeza hati fupi ya amri inayojiendesha kila seva inapowaka na kumtumia msimamizi ujumbe. Toleo la kwanza lilitafuta neno Vulnerable lenye herufi kubwa, likaipita seva iliyowashwa bila nosmt, kwa sababu kerneli inaandika SMT vulnerable kwa herufi ndogo katikati ya mstari unaoanza na Mitigation. Neno Unknown nalo lilipita. Mstari unaofanya kazi ni huu:

grep -Ei 'vulnerable|unknown' /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*

Pamoja nao, hati inalinganisha /proc/cmdline na nakala iliyohifadhiwa, na kukagua kuwa maikrokodi ni 0x28. Tulijaribu kwa kurudisha mitigations=off kwa makusudi: ujumbe ulifika kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia.

Kadi mbili za zamani zilizotoa makosa zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito ROWHAMMER na zipo kwenye mashine ya majaribio isiyo na mtandao; haziuzwi. Muhula ujao darasa la C litazitumia kujifunza, na hatua inayofuata ya shajara ni kujaribu coresched pindi seva itakapohamia toleo jipya la Debian, tuone kama viini 8 vinaweza kurudi.